Skripti Iliyosema "Tayari" Huku Imefuta Bei

Leo nimeamka na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikipaza sauti kidogo. Nataka kuzungumzia jambo ambalo sisi waandishi wa programu huliona dogo sana, kazi ya kumaliza kabla ya chai ya saa nne: kuunganisha mafaili mawili ya mipangilio kwa skripti. Kuna faili la msingi, kuna faili la pale kazi inapofanyika, unayachanganya, unapata moja. Nani hajawahi kuandika skripti ya namna hiyo?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Karibu kila mmoja wetu ameiandika, na karibu kila mmoja ameiandika vibaya. Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kusoma zaidi aende zake: skripti yoyote inayounganisha mafaili ya mipangilio na kupoteza hata mpangilio mmoja bila kusema, hiyo ni skripti mbovu. Sijali ina mistari michache kiasi gani, wala inakimbia kwa kasi gani. Kupoteza ni kosa. Kupoteza kimyakimya ni dhambi.

Yaliyotokea Kiwanjani

Kwa wasioijua, Kiwanjani ni mtaa wa mji wa Isiolo, karibu na uwanja wa ndege, na jina lenyewe linajieleza. Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia. Kina mama huyakusanya kutoka kwa wafugaji, huyapoza, kisha huyapakia kwenye mabasi ya Nairobi, na mengi huishia Eastleigh. Ni biashara ya asubuhi na mapema, ya mitungi na ya kuaminiana.

Kuna kikundi kimoja pale, nacho sitakitaja, kinachotumia programu ndogo kwenye kompyuta moja. Programu huandika lita za kila mleta maziwa, hupiga hesabu ya malipo ya wiki, huchapisha risiti, na hutuma ujumbe mfupi joto la friji likipanda. Faili lake la mipangilio lilikuwa hivi, nikilifupisha na kubadilisha tarakimu:

```
maziwa:
  bei: 100        # bei ya kiangazi, tulikubaliana mkutanoni
  joto_la_juu: 6
ujumbe:
  lugha: sw
  namba:
    - "0700000000"
```

Bei ya awali, ile iliyokuja na programu, ilikuwa shilingi 70 kwa lita. Kiangazi kilipokaza, kikundi kilikaa kikakubaliana 100. Karani akafungua faili, akabadilisha tarakimu, na kwa kuwa ni mtu makini akaandika na maelezo pembeni. Hakuna mtaalamu aliyeitwa kutoka popote. Hivyo ndivyo mambo yanavyopaswa kwenda.

Kisha ikanunuliwa printa mpya ya risiti, ile ndogo ya karatasi ya milimita 58. Programu ikahitaji kuambiwa upana wa karatasi. Likatumwa faili dogo la sasisho:

```
maziwa:
  risiti:
    upana: 58
```

Pamoja nalo ikatumwa skripti ya kuliunganisha na faili lililopo. Kiini chake kilikuwa mstari mmoja:

```
mipangilio.update(sasisho)
```

Skripti ikakimbia. Ikaandika "Tayari". Risiti ya kwanza ikatoka safi, maandishi hayakukatika, kila mtu akafurahi.

Siku ya nne ilikuwa siku ya malipo. Mama aliyekuwa analeta lita 20 kila siku aliona pungufu ya shilingi 600 kwa siku, yaani 2,400 kwa siku nne. Mwingine naye hivyo hivyo. Na wa tatu. Nani aliangaliwa? Aliangaliwa karani, kwa sababu ndiye anayebonyeza kompyuta. Hakuna aliyemwita mwizi. Waliambiana tu kwa upole, "Mwanangu, hebu tuonyeshe hizo hesabu tena." Wakarudia mara ya pili. Wakarudia mara ya tatu. Mnaoelewa upole wa aina hiyo mnajua kwamba tusi lingekuwa afadhali.

Ile `update` haikuongeza `risiti` ndani ya `maziwa`. Iliondoa `maziwa` nzima ikaweka `maziwa` mpya yenye `risiti` peke yake. Bei ikatoweka, kiwango cha joto kikatoweka, na maelezo ya karani yakatoweka. Programu ilipotafuta bei na kuikosa, haikulalamika. Ikachukua 70 iliyokuwa imeandikwa ndani yake tangu mwanzo.

Na skripti ile niliiandika mimi. Kwa hiyo hasira ya leo inaanzia nyumbani.

Kuunganisha juujuu si kuunganisha

Tuelewane kuhusu chanzo. Faili la mipangilio lenye matabaka ni mti. `maziwa` ni tawi, `bei` ni jani. Unapoambia kompyuta "unganisha", kuna maana mbili tofauti kabisa. Ya kwanza: angalia matawi makubwa tu, na tawi likiwa na jina moja pande zote mbili, la kwanza lote litupwe, libaki la pili. Hiyo ni kuunganisha juujuu. Ya pili: shuka ndani ya kila tawi mpaka ufike kwenye jani, na ubadilishe jani lile tu. Hiyo ni kuunganisha kwa kina.

Lugha nyingi hukupa ile ya juujuu kwanza, tena kwa jina linalovutia. Kwenye Python, `update` ni ya juujuu, na alama ya `|` iliyoongezwa kwenye kamusi katika toleo la 3.9 mwaka 2020 nayo ni ya juujuu. Kwenye JavaScript, `Object.assign` na zile nukta tatu ni za juujuu. Kwenye jq, `+` ni ya juujuu na `*` ni ya kina, kwa hiyo alama moja ndiyo inayotenganisha mshahara wa mtu na hasara yake. Ansible nayo, usipoigusa, hubadilisha kamusi nzima. Ukitaka kina lazima utumie kichujio cha `combine` na kukiambia waziwazi kishuke ndani.

PHP ina kichekesho chake. `array_merge` ni ya juujuu. Unasema basi, nitumie `array_merge_recursive`, jina lake linaonyesha inashuka ndani. Kweli inashuka, lakini ikikuta bei mbili haichagui: inazifanya orodha. Sasa lita moja ya maziwa ina bei mbili, 70 na 100, na programu yako ijitafutie ukweli. Uliyekuwa unamtaka ni `array_replace_recursive`, aliyekuja na PHP 5.3 mwaka 2009.

Sizilaumu lugha hizi. Kila moja imeeleza tabia yake kwenye nyaraka zake. Ninaowalaumu ni sisi, tunaosoma jina la amri na kudhani tumesoma maana yake.

Visingizio ninavyovisikia

Nilipowasimulia wenzangu wa kazi hii, nilipewa visingizio vile vile ambavyo na mimi nilikuwa navyo kichwani. Nivijibu kimoja kimoja.

"Si ungekuwa na nakala ya akiba?" Ilikuwepo! Nakala ya akiba humsaidia anayejua kwamba amepoteza kitu. Aliyeambiwa "Tayari" ataitafutia nini? Kwa siku nne nakala ilikaa pale pale kwenye diski, nzima kabisa, huku watu wakilipwa pungufu.

"Mtu wa mtaani aandike faili zima, asiandike vipande." Sawa, aandike faili zima. Mwezi ujao ukiongeza mpangilio mpya, faili lake zima halitakuwa nao. Mwaka ujao utakuwa na mafaili 30 mazima, kila moja limeganda katika tarehe yake, na wewe hujui lipi ni la makusudi na lipi limesahauliwa. Umehamisha tatizo kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwenye meza ya karani.

"Weka kwenye Git, itaunganisha yenyewe." Git naipenda, lakini Git huunganisha mistari, haijui mti. Watu wawili wakiongeza `bei` sehemu mbili tofauti za tawi moja, Git inaweza kuunganisha bila kulalamika hata kidogo, na faili likabaki na `bei` mbili. Kanuni za YAML zinasema ufunguo usijirudie ndani ya kamusi moja, ila maktaba maarufu ya PyYAML haikugombezi; inachukua wa mwisho. Kisomaji cha JSON cha Python hufanya vivyo hivyo. Kimya tena.

"Tumia maktaba iliyokwisha andikwa na watu." Hapa nakubali nusu. Tumia, lakini uijue. Mwaka 2019 kazi ya `defaultsDeep` ya lodash, maktaba inayotumika kila kona ya JavaScript, ilikutwa na tundu: faili lililotungwa kwa ubaya liliweza kugusa mfano mama ambao vitu vyote vya programu hurithi kwake. Tundu lilizibwa mwaka huo huo. Fundisho ni kwamba kushuka ndani ya mti usiouamini ni kazi ya usalama, haijaishia kwenye urahisi.

"Mipangilio yenyewe ni midogo, mbona unakuza mambo?" Hiki ndicho kinachonichoma zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwako `bei` ni jani. Kwa mama wa lita 20 ni karo ya shule.

Kina peke yake hakitoshi

Basi mtu atasema: nimekuelewa, naandika ya kina, nimemaliza. Hujamaliza. Ukishuka ndani unakutana na maswali manne, na skripti isiyoyajibu bado inapoteza, ila sasa inapoteza kwa ustadi.

Swali la kwanza ni orodha. Faili la msingi lina namba mbili za kutumiwa ujumbe friji ikipata joto, la mtaani lina namba nyingine moja. Je, ziwe tatu? Ibaki moja? Hakuna jibu moja la haki kwa orodha zote. Namba za simu pengine zijumlishwe. Hatua za kufuatana, kama pima kisha pokea kisha poza, zikijumlishwa ni vurugu. Helm huunganisha kamusi lakini orodha huibadilisha yote. Kubernetes, kwenye viraka vyake, inaelewa kwamba orodha ya kontena hulinganishwa kwa `name`, na orodha nyingine zina kanuni zake. Wote wawili wamechagua na wakaandika walichochagua. Wewe umeandika wapi?

Swali la pili ni kufuta. Mtu wa mtaani akitaka mpangilio fulani usiwepo kabisa, atasemaje? Akiufuta tu kwenye faili lake, muungano utaurudisha kutoka faili la msingi, na kila sasisho litamrudishia alichokikataa. RFC 7396 ya mwaka 2014, inayoeleza namna ya kubandika viraka kwenye JSON, ilichagua kwamba `null` maana yake ni "ondoa". Ni uamuzi mzuri, na una gharama yake: huwezi tena kuhifadhi `null` kama thamani halisi. Hata hivyo uamuzi ulifanywa, ukaandikwa, na kila mtu anaujua.

Swali la tatu ni aina ya thamani. Upande mmoja `bei` ni tarakimu, upande mwingine wameigeuza tawi lenye `asubuhi` na `jioni`. Nani ashinde? Jibu langu ni kwamba hakuna mshindi. Skripti isimame na iseme. Aina zikigongana, mtu mmoja ana wazo ambalo mwingine hajalisikia, na skripti haina mamlaka ya kuamua.

Swali la nne ni lile linaloniumiza kama Mkenya: kusoma na kuandika upya hubadilisha vitu ambavyo hukuvigusa. Chukua namba ya simu ya mfano, 0700000000, uiandike kwenye YAML bila alama za nukuu. PyYAML hufuata YAML 1.1, na huko tarakimu inayoanza na sifuri, yenye tarakimu za 0 hadi 7 tu, husomwa kwa msingi wa nane. Skripti yako ikiisoma na kuiandika tena, namba ya simu inakuwa 117440512. Kinachochekesha ni kwamba namba yenye 8 au 9 ndani yake inabaki salama, kwa kuwa hizo haziwezi kuwa za msingi wa nane, kwa hiyo inasomwa kama maandishi. Kati ya namba tano, moja inaweza kuharibika na nne zikapona, nawe utasema tatizo ni mtandao wa simu! Msomaji wa YAML 1.2 naye hakuokoi, kwani ataiona kama nambari ya kawaida na sifuri ya mwanzo itaanguka. Dawa ni moja: namba ya simu ni maandishi, iwekee alama za nukuu.

Na maelezo ya pembeni je? PyYAML huyatupa yote inaposoma. "Tulikubaliana mkutanoni" ya karani ilikuwa ushahidi wake pekee, na skripti yangu ingeuchoma hata kama ingeunganisha kwa kina. Maktaba ya ruamel.yaml huhifadhi maelezo. Itumie, au bora zaidi, usiandike juu ya faili la mtu.

Katiba imetutangulia

Tuliokulia Kenya hatuna kisingizio cha kutoelewa matabaka. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, zikaanza kazi mwaka 2013, na kuanzia hapo nchi ina sheria za taifa na sheria za kaunti juu ya mambo yanayokaribiana. Haya ni mafaili mawili yenye funguo zinazofanana. Zikigongana itakuwaje?

Soma Kifungu cha 191. Hakisemi wa mwisho ndiye mshindi. Hakisemi Nairobi ishinde siku zote, wala kaunti ishinde siku zote. Kinataja masharti ambayo sheria ya taifa itatangulia, na yasipotimia, sheria ya kaunti ndiyo itangulie. Kinaitaka mahakama ipendelee tafsiri inayoepusha mgongano pale inapowezekana. Halafu kinaweka jambo ambalo kila mwandishi wa skripti angebandika ukutani: kipengele kilichoshindwa hakifutwi. Kinakosa nguvu kwa kadiri ya ule mgongano tu, si zaidi.

Kwa kadiri ya mgongano tu! Hiyo ndiyo kuunganisha kwa kina, imeandikwa na wanasheria. Jani linalogongana linafunikwa, tawi linabaki, na kilichofunikwa bado kinaonekana. Sisi wenye kompyuta tunaoweza kupiga hesabu mamilioni kwa sekunde tunashindwa na karatasi.

Skripti inavyopaswa kuwa

Siwezi kulalamika bila kuonyesha. Siri ni kuacha kulinganisha mafaili mawili na kuanza kulinganisha matatu: faili tulilotuma mara ya mwisho, tuliite `asili`, faili zima tunalotuma leo, `mpya`, na faili zima linalotumika sasa, `mtaa`. Bila la kwanza huwezi kujua kama 100 ni uamuzi wa watu au ni mabaki ya zamani. Ukiwa nalo, unajua: asili ilikuwa 70, mtaani ni 100, basi kuna mtu alikaa akaamua.

```
HAKUNA = object()

def unganisha(asili, mpya, mtaa, njia, ripoti):
    if isinstance(mpya, dict) and isinstance(mtaa, dict):
        if not isinstance(asili, dict):
            asili = {}
        tokeo = {}
        for k in list(mtaa) + [x for x in mpya if x not in mtaa]:
            v = unganisha(asili.get(k, HAKUNA),
                          mpya.get(k, HAKUNA),
                          mtaa.get(k, HAKUNA),
                          njia + [k], ripoti)
            if v is not HAKUNA:
                tokeo[k] = v
        return tokeo
    if mtaa == mpya:
        return mtaa
    if mtaa == asili:    # mtaani hawakugusa
        ripoti.append(("IMEBADILIKA", njia, mtaa, mpya))
        return mpya
    if mpya == asili:    # sisi hatukugusa
        return mtaa
    ripoti.append(("MGONGANO", njia, mtaa, mpya))
    return mtaa
```

Ni mistari isiyofika 30. Angalia inavyofanya. Jani ambalo mtaani hawakuligusa linapokea thamani mpya, na inaripotiwa. Jani ambalo wao wamelibadilisha na sisi hatukuligusa linabaki lao. Walichofuta kinabaki kimefutwa. Tukiligusa sote wawili, la mtaani linabaki na mgongano unaandikwa pamoja na njia yake yote, `maziwa` hadi `bei`, ili mtu auone. Orodha naihesabu kama jani moja. Kama unataka namba za simu zijumlishwe, andika kanuni hiyo kwa jina la njia yake, usibahatishe kwa orodha zote.

Zaidi ya hapo, masharti yangu ni haya.

Moja, skripti ionyeshe kwanza bila kuandika. Mtu asome ripoti, kisha aseme endelea.

Mbili, kukiwa na mgongano, skripti itoke na hali ya kushindwa, isiandike "Tayari". Neno "Tayari" ni ahadi.

Tatu, tokeo liandikwe kwenye faili jipya pembeni, kisha libadilishwe jina kwa `os.replace`. Stima hupotea bila kupiga hodi, na faili lililoandikwa nusu ni baya kuliko faili la zamani.

Nne, faili la zamani lihifadhiwe na tarehe kwenye jina lake, na ripoti ikae karibu nalo.

Tano, programu yenyewe ikikosa mpangilio wenye pesa ndani yake, isimame. Bei isiwe na thamani ya kujichukulia. Hili ndilo kosa langu la pili, na pengine ndilo kubwa zaidi: kama programu ingekataa kufunguka bila bei, tungejua dakika ile ile.

Kama unaweza kukwepa kuunganisha kabisa, kwepa. Acha faili la msingi peke yake na la mtaani peke yake, programu iyasome yote mawili kwa tabaka inapoanza. Systemd hufanya hivyo: mipangilio ya mtengenezaji inakaa mahali pake, yako inakaa chini ya `/etc`, na yako ndiyo inayosikizwa. Debian nayo, ukisasisha kifurushi ambacho faili lake la mipangilio umelibadilisha na mtengenezaji naye amelibadilisha, husimama na kukuuliza ubaki na lako au uchukue jipya. Watu huona swali lile linachelewesha. Mimi siku hizi nikiliona nasema asante.

Neno la mwisho

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mipangilio ya mtaani ni mbachao wa mtu: umechakaa, una viraka, lakini ndio anaolalia kila usiku. Sasisho letu ni msala, litapita, na lingine litakuja mwezi ujao.

Kiwanjani hesabu zilirekebishwa, waliopunjwa wakalipwa tofauti yao, na karani bado yuko kazini. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi pamoja na kina mama, nikaeleza mbele ya wote kwamba kosa halikuwa la kijana wao, lilikuwa langu. Mmoja akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: "Na hiyo mashine, ilipofuta, mbona haikusema?"

Fungua skripti yako leo jioni. Tafuta `update`, tafuta `array_merge`, tafuta zile nukta tatu. Kisha jiulize swali la yule mama. Kama huna jibu, kazi unayo, nami nakutakia usiku mwema wa kuifanya.